Gari Lililonifanya Nifungue Mdomo

Mtu wa kwanza kuniomba selfie maishani mwangu aliniomba nikiwa nje ya mochari, Thika.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeshika leso ya dada yangu. Jamaa akasimama mbele yangu, akaniangalia uso, halafu akaniangalia magoti.

"Si wewe ni Magoti? Wa Calvince? Aki moja tu."

Akapiga, akaenda.

Wacha niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Mbinya. Nakaa Landless, mtaa wa hapa Thika, na kazi yangu ni kupanguza magari mapya kwenye yadi moja ya kuuza magari, Ruiru. Mimi si mtu wa maneno. Tangu niache shule darasa la sita, watu wakizidi watatu sauti yangu inakwama.

Tena niko mrefu vibaya. Nikipita steji, watu wa bodaboda huuliza kama huko juu kunanyesha.

Calvince ndiye aliyenipa jina. Yeye hupima magari mapya na kuyapa nyota mtandaoni, watu wajue la kununua. Analizungusha gari hadi bypass, anafunga breki ghafla, anafungua buti, anabamiza mlango asikie unalia vipi. Wako wengi ambao hawatoi hela mpaka Calvince aseme.

Siku moja alitaka kuonyesha nafasi ya kiti cha nyuma. Akaniona na kitambaa changu.

"Wee mrefu, ingia hapa. Usiogope, huongei."

Nikaingia. Magoti yangu hayakugusa kiti cha mbele.

"Mmeona?" akaiambia kamera. "Huyu ni mlingoti wa stima na ametoshea. Nyota!"

Basi ikawa ndio mchezo. Kila gari jipya, naitwa. Magoti yakigusa, nyota inaondolewa. Yasipogusa, watu wanaandika huko chini: "Magoti amepitisha!" "Mimi nangoja Magoti tu."

Mimi nilikaa nikiangalia mikono yangu. Kunyamaza kwangu ndiko kulikowachekesha.

Shabiki wangu mkubwa alikuwa dada yangu mkubwa, Wavinya. Aliuza nguo za watoto Githurai 45 na mume wake, Nzau. Kila mteja alionyeshwa simu.

"Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Haongei, lakini cheki miguu!"

Walikuwa wanasema siku moja watanunua pickup kuukuu ya kubeba mzigo. Gari jipya ilikuwa ndoto. Nilivyojua mimi.

Halafu likaja lile gari.

Jina siliweki hapa, sitaki kuitwa kortini. Ni dogo, jeupe. Bango lake lilisema lina nyota tano za usalama. Hizo si nyota za Calvince. Hizo hutolewa na wale ambao huligongesha gari kwa ukuta likiwa na masanamu ndani, waone kama binadamu angepona.

Yalipoletwa yadini, moja lilishushwa vibaya kutoka kwenye trela, dashibodi ikapasuka. Fundi wetu, Kitonga, akalifungua. Mimi nikamshikia tochi.

"Mbinya, hebu ona."

Katikati ya usukani, pale mfuko wa hewa hukaa umekunjwa ukingoja ajali, palikuwa na shimo. Shimo tupu na kifuniko cha plastiki.

"Mfuko umeibwa?" nikauliza.

"Nani aibe? Yote yako hivi. Lile waligongesha kwa ukuta ni la kuuzwa ng'ambo, lina mifuko sita. Letu limepewa jina tu." Akafunga skrubu. "Na bango."

Nilimwambia mwenye yadi. Akaniambia nipanguze vioo.

Calvince alipokuja nikamvuta kando, nikamwambia.

"Siz, mimi napima starehe," akasema. "Lakini kama una neno, sema kwa kamera. Nani anakukataza?"

Nikaingia nyuma. Magoti hayakugusa. Kamera ikanigeukia. Watu wote wa yadi walikuwa wamesimama pale. Lakini nikasema.

"Hili gari halina mfuko wa hewa. Likigonga kitu, dereva hatapona. Msinunue."

"Eish!" Calvince akapiga makofi. "Magoti ameongea!"

Video ikatoka jioni. Mdomo wangu unaonekana ukienda. Sauti haipo. Juu yake ameweka muziki na maandishi makubwa: MAGOTI AFUNGUA MDOMO MARA YA KWANZA! Halafu nyota tano, moja baada ya nyingine, zikimetameta.

Nikampigia. "Calvi, umetoa maneno yangu."

"Ningeyaacha, yadi gani ingenipa gari tena? Tulia, unatrend."

Nikaandika ukweli pale chini ya video. Watu wakaweka vicheko. Kulipokucha, nilichoandika kilikuwa kimefutwa.

Wiki kadhaa zikapita. Wavinya akanipigia.

"Jumapili vaa lile rinda la bluu. Tukitoka kanisa pasta anakuja kwa mwaitu kuomba. Usiniulize kitu!"

Kwetu mwaitu ni mama, na mgongo wa mama ulikuwa unamsumbua. Nikajua ni maombi ya mgongo.

Jumapili hiyo Wavinya na Nzau hawakufika.

Waligonga nyuma ya lori lililokuwa limeharibika barabarani, hapo Ruiru, Wavinya akiwa kwenye usukani. Nilipofika, gari lilikuwa bado na utepe mwekundu kwenye boneti. Dogo. Jeupe.

Afisa wa trafiki alikuwa analizunguka akitikisa kichwa.

"Hata mbele hapajaumia sana. Ajali kama hii mtu hutoka akitukana. Kwani airbag ilikataa kufunguka?"

"Haikuwepo," nikasema.

Aliniangalia vile mtu huangaliwa akiwa na msiba, akanishika bega.

Nzau alipona, mkono umevunjika. Aliketi nami kwenye ile benchi ya mochari, na mama, na wazee wa kanisa.

"Mbinya, sisi tulikuwa tumechagua lingine," akasema. "La bluu. Tulishakubaliana na yadi ya kule Kiambu Road. Halafu video yako ikatoka."

Nikaikunja leso ya Wavinya mara mbili.

"Wavinya aliitazama mpaka akalia. Akaniambia, 'Nzau, huyu mtoto hajawahi kuongea mbele ya watu. Gari lililomfungua mdomo ndilo letu.' Leo pasta alikuwa anakuja kulipaka mafuta. Alitaka wewe ndio ukae nyuma wa kwanza. Upime."

Akafuta pua kwa mkono mzima.

"Ulikuwa unasema nini, Mbinya? Kwa ile video?"

Wote wakanigeukia. Walikuwa zaidi ya watatu.

Sauti ikakwama.

Mpaka leo sijamjibu. Mnaosoma hapa ndio wa kwanza kujua.

Funzo langu ni hili. Ukionyeshwa nyota, uliza gari lililogongeshwa kwa ukuta ni la kuuzwa nchi gani. Mwambie muuzaji afungue usukani ukiona. Atakataa, nawe utakuwa umeshapenda rangi.

Video bado iko.

Jana trela ilishusha mengine sita meupe. Nimeyapanguza yote.