Zoezi Ndani ya Faili ya Mgonjwa

Enyi wasomaji waheshimiwa mliokusanyika, nipeni masikio. Muuguzi mmoja wa Uvira, anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia uzamili, hujisomea kazini baina ya wagonjwa. Juzi alisahau zoezi lake la vipimo vya dawa ndani ya faili ya mama aliyejifungua, kutoka Makobola. Mwenzake wa zamu akalidhani agizo la daktari, akajaza sindano.

“Mama, ya asubuhi ilikuwa kidogo,” mgonjwa akanong’ona. “Hii yote iko ya minye, yangu mimi?”

Mwenye zoezi akaja mbio. “Weka chini, dada! Ile iko swali ya masomo, haiko dawa!”

Tunadai wauguzi wasomi, lakini hatuwaachii hata saa moja ya kusoma. Mtihani ni Jumatatu, naye sasa anaogopa mwandiko wake mwenyewe. Aliyenisimulia ni dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeishika sindano ile.