Punje Kumi za Juu ya Gunia

Nakumbuka mwaka nilioolewa Salale, mwanangu, na kiburi changu cha darasa la nne. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wachuuzi wanaingia deltani kwa mashua na kila kitu, hata mbegu za mpunga. Mafuriko yalikuwa yamezoa mbegu zetu zote. Mume wangu akanunua gunia moja; lisipoota hilo, mwaka ule hatuli.

Mama mkwe akaniagiza nizijaribu kwanza. Nikachota punje kumi, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku ya nne, tisa zimeota. Nikatoka uani nimevimba kama chura.

"Mama, mbegu safi! Tumwage kitaluni!"

"Umezichota wapi?"

"Juu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mkwe wangu ameonja mchuzi, anatusimulia ukoko! Rudi. Juu, kati na chini, mia mia, kila fungu kitambaa chake."

Nilinuna, lakini nikahesabu. Za juu ziliota karibu zote, za kati zaidi kidogo ya nusu. Za chini hazikufika hata kumi: gunia lilikuwa limekalia maji ya chumvi ndani ya mashua. Tukalipakua kwa tabaka. Za chini wakala kuku, za kati tukazimwaga nyingi nyingi ili zijazie. Miche ikatosha shamba zima, na tulikula mpaka msimu mwingine.

Sasa mjukuu wangu Mwanahawa anasoma takwimu chuo kikuu, na anayechoka kunisikia nikilisema hilo azibe masikio. Anasema kuota au kutoota ni ndiyo au hapana, na kuna hesabu, rigresheni ya lojistiki, ya kupima jinsi kina cha punje ndani ya gunia kinavyovuta jibu. Tena akanichapa: "Bibi, hata ungezichanganya vizuri, tisa katika kumi ingeweza kuwa sita kwa kumi katika gunia zima. Punje chache, pengo kati ya kisio la chini na la juu ni pana. Ongeza punje, pengo linapungua." Mama mkwe wangu hakujua jina la hesabu hiyo, ila aliifanya kwa vitambaa vitatu.

Basi mwanangu, usiseme "yote" kwa ulichokiona kiganjani. Chota kila upande, chota vya kutosha, kisha useme "kati ya hapa na pale", na utafute kwa nini. Kusema hivyo si woga, ni adabu. Mungu akujalie mavuno, na akupe mkwe wa kukucheka mapema, kabla shamba halijakucheka. Amina.