Mguu Ulio Kwenye Klachi

Leo naweza kucheka, lakini Jumamosi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Klachi ya pikapu yangu kuukuu ilikuwa imeisha. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Awasi kuona nyumba yetu ya Kisumu kwa mara ya kwanza, nami nilikuwa nimeapa kwamba nitamchukua steji ya matatu kwa gari. Fundi wa nini, na video ziko kwenye simu? Kwetu mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Ukikutana naye njiani, unampisha.

Klachi mpya niliifunga, ikabaki kutoa hewa kwenye mafuta yake. Mke wangu Akinyi alikaa kwenye usukani akikanyaga pedali, nami nikalala chini ya gari na kaptula iliyochanika matakoni, nikifungua na kufunga nati. Saa ya kumchukua mgeni steji ilishapita.

"Kanyaga!"

Pedali haikusogea.

"Akinyi, si nimesema kanyaga!"

Mlango wa gari ukafungwa. Pedali ikashuka polepole, kama inaomba ruhusa.

"Weka nguvu, bwana! Unakanyaga yai? Hata mama yako angekanyaga kukushinda!"

Pedali ikashuka kwa kishindo, mafuta yakanirukia usoni.

"Hapo sasa! Shikilia, usiachilie!"

Nikakaza nati, nikajigeuza, nikatoka kinyumenyume, kaptula ikitangulia. Akinyi alikuwa getini, amekumbatia kuku aliyeletwa na mgeni, ameziba mdomo.

Sasa kwenye usukani kulikuwa na nani?

"Mkwe," sauti ikauliza kwa adabu, "naweza kutoa mguu?"