Kizibao Chenye Kiraka cha Kaniki

Yule mama aliingiza vidole kwapani kwangu, akakishika kile kiraka, akakibinya. Nilidhani ananitania kama wengine. Tangu asubuhi watu wa gulio walikuwa wakinigusagusa nguo na kucheka. Lakini vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu, na vilipokipata vikatulia. Akaniuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, mwenye nguo hii yuko wapi.

Nikamwambia ni yangu.

"Si yako, mayu. Kiraka hiki nilikishona mimi. Mwanangu yuko wapi?"

Aliniita mayu, yaani mama, kwa adabu ya kwetu. Akaniachia, akarudi nyuma kidogo, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Kwa wasiotoka kwetu, mwano ni yowe, lakini si yowe la kuona nyoka. Ukilisikia unaacha ulichoshika, hata kama ni mtoto, unakwenda. Asiyekwenda hutengwa, haazimwi moto, hachimbiwi kaburi. Wanaume huja na marungu na mishale, na hawaulizi kwanza. Anayelikimbia, huyo ndiye mwenye kosa, hana haja ya kuhukumiwa. Kwa hiyo ukipigiwa mwano wewe, unakaa chini, unaweka mikono kichwani, unawangoja. Mtoto wa Kisukuma hufundishwa hilo kabla hajakabidhiwa ndama wa kuchunga.

Mimi nilikaa chini. Mwenzangu hakukaa.

Nitaeleza ilikuwaje tukafika pale, maana wapo wanaosema mpaka leo kwamba tulijitakia.

Mimi ni mtu wa upande wa Shinyanga. Baba alituhamisha ng'ombe walipokwisha kwa ukame, tukaja kukaa karibu na mgodi mmoja mdogo wa dhahabu njia ya Geita. Sasa pale ni mashimo na miiba tu. Nilisoma misheni madarasa mawili, nikatolewa nikamsaidie mama kuuza uji kambini. Wakati wa vita vya pili vya dunia nguo zilikuwa hazipatikani. Mama na mama mdogo walikuwa na kaniki moja njema, wakienda msibani kwa zamu. Vita vilipokwisha ndipo nguo kuukuu zikaanza kuja kwa wachuuzi: makabuti ya askari, magauni ya Wazungu yaliyoliwa na nondo, mashati yasiyo na kola, soksi za pamba zilizotoboka nyayo.

Mwenzangu alikuwa binti wa seremala, yule aliyekuwa akifunga magogo shimoni ili udongo usianguke. Walitoka kusini, mbali. Kisukuma chake kilikuwa cha kununulia maziwa tu. Yeye ndiye aliyeanza ule mchezo. Alikuwa akisema mwenye gauni moja ana gauni moja, lakini mwenye vipande ana nguo mpya kila kukicha. Basi tulikuwa tunapanga. Gauni la maua lililokatika mikono juu ya kaniki. Soksi ya askari tuliikata nyayo tukaivaa mkononi ikawa mkono wa gauni. Tai ya mwanamume tuliifunga kichwani. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika tulikifanya mkanda, na vifungo tuliviweka kila kimoja cha namna yake, makusudi. Tuliita kuvaa ghorofa. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona ghorofa, ila baba yake alikuwa ameiona Dar es Salaam akamsimulia.

Watu wa kambi walitupenda na kututania. Mmoja wa wachimbaji alituuliza siku moja, "Leo mmevaa duka zima?"

"Duka limefungwa," mwenzangu akamjibu. "Rudi kesho, na uoge."

Bibi mmoja jirani alisema tukasimame shambani kwake tumfukuzie ndege wa mtama. Tulikwenda kweli, tukasimama, naye akatupa viazi.

Mama yangu hakucheka. Kila nguo niliyoleta aliinusa kwanza, kisha akaichemsha kwa majivu. Jasho ni mtu, alikuwa akisema. Nguo haiachi kumjua mwenyewe. Kwetu nguo ya marehemu haivaliwi mpaka matanga yaanuliwe, na hukabidhiwa mbele ya ukoo, jua likiwa juu, kila mtu aone inakwenda kwa nani. Anayeonekana nayo kabla ya hapo, watu hujiuliza aliitwaa vipi. Siku moja mama alimsimamisha mchuuzi akamuuliza wazi nguo zake ni za nani.

Huyo mchuuzi ndiye wa kwanza ninayemtaja kati ya wenye kosa. Jina lake nalijua, na wanaomjua wanamjua: mtu wa baiskeli yenye kengele mbili, aliyekuwa akitoka Kahama akipitia makambi. Alimjibu mama kwa adabu sana.

"Usiogope, mayu. Wenye nguo hizi walipanda meli wakarudi kwao."

Mama akaridhika nusu. Mimi nikaridhika yote.

Kile kizibao chenye kiraka mchuuzi hakukitundika kwenye baiskeli kama vingine. Alikitoa chini kabisa ya gunia akanipa kwa kuku mmoja jike, na alikuwa na haraka. Kilikuwa cheusi, cha kitambaa kizito. Akaniambia nikivae ndani ya gauni, kwamba kinakaa vizuri zaidi kikiwa ndani. Wakati ule niliona ni mtu anayejua nguo.

Nyumbani tulikigeuza, mimi na mwenzangu, tukaona kumbe ndani ndiko kuzuri. Bitana yake ilikuwa ya milia, na kwapani palikuwa na kiraka cha kaniki, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono myembamba iliyofuatana kama siafu. Ndani ya kiraka palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya harage. Sisi tulikuwa watu wa misheni, sikufikiri dawa. Nilifikiri ni ufundi wa Ulaya. Mwenzangu akasema ni dhambi kuficha mshono kama ule. Basi nikakivaa ndani nje, juu ya gauni, juu ya kaniki, kiraka kikaonekana kila nilipoinua mkono. Na nilikuwa nauinua mara nyingi.

Siku hiyo hatukwenda gulio letu. Tulikwenda la mbali zaidi, ambako wakulima wa vijijini hushuka na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na kuku, kwa sababu watu wa kambini walikuwa wamekwisha kutuzoea na sisi tulitaka macho mapya. Mwenzangu alivaa kabuti la askari lililomfika kwenye vifundo, na chini yake magauni mawili, jua lile. Yule mama alikuwa ameketi na michembe yake. Niliinua mkono kuelekeza kitu, naye akasimama.

Sasa narudi pale nilipokaa chini.

Yowe lilipopigwa, nikasikia miguu. Mwenzangu alinitazama. Nilimwambia kaa, kaa chini, lakini wale wanaume walikuwa wanaitikia yowe, nao walikuwa wengi, sikusikia hata mimi sauti yangu. Kwao kusini, mtu akiona watu wenye marungu wanamjia, hukimbia. Ni akili. Hata mbuzi angekimbia. Alikimbia kuelekea mtamani, na lile kabuti likamzunguka miguu, na magauni mawili, na mkanda wa mwavuli. Niliona akianguka akainuka. Kisha migongo ya watu ikanikinga.

Sikuona kilichofuata. Nilisikia. Tangu siku ile nimekiona kwa namna nyingi kuliko kama ningekiona kwa macho.

Waliobaki kwangu walinivua. Si kwa fujo. Walikuwa wananivua kama mtu anayemenya kitunguu, ganda moja moja, na kila ganda wanaliinua juu. Hii ya nani? Nikasema sijui. Na hii? Sijui. Soksi ile, tai ile, gauni lile la maua, kila nilipojibu sijui niliona nyuso zinazidi kukaza. Niliyojivunia asubuhi, kwamba nimevaa vingi, sasa kila kimoja kilikuwa maiti. Mtu mmoja, naikumbuka sauti yake, ilikuwa sauti ya mcheshi, alisema, "Huyu amevaa ukoo mzima." Hakuna aliyecheka. Mwingine akasema nogi, yaani mchawi, na neno hilo likisemwa kwetu haliokotwi tena.

Nilijikojolea. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba nilikuwa jeuri.

Kisha nikamwona mchuuzi. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea nguzo, hata sikujua kama alifika gulio lile. Nikamwonyesha kwa kidole, nikasema ni huyu aliyeniuzia. Watu wakageuka. Alikuwa amekwisha kulifunika gunia la nguo kwa mifuko ya chumvi.

"Mimi nauza chumvi na sindano," akasema. "Binti huyu simjui."

Alinilia kuku wangu, na mama yangu alimpa uji mara ngapi sijui. Simjui, akasema, na akaendelea kufunga kamba yake.

Aliyeniokoa ni yule mama aliyenipigia mwano. Waliponiinulia rungu alinilalia mwili mzima, akawaambia mkimuua huyu nani atanionyesha mwanangu. Hakuwa ananihurumia. Alinishika nywele muda wote. Lakini mwili wake ulikuwa juu ya wangu, na mpaka leo sijui nimwite adui au nani.

Mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji kile, akafika, akaamuru nifungwe nipelekwe nilikosema ninatoka. Tulikwenda mchana ule ule hadi kambini, mimi nikiwa na kaniki tu, yule mama nyuma yangu na kile kizibao mkononi, watu wakitufuata. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake: kwamba mwanawe alikwenda mgodini baada ya mavuno, kwamba alimwekea mtama wake kando kwenye kihenge, kwamba ile dawa kwapani ilikuwa ya kumkinga na ardhi.

Mnyapara wa kambi alitoka kwenye stoo. Huyu ndiye wa pili, na kwangu ndiye wa kwanza. Alikuwa msimamizi wa wafanyakazi, na vitu vya waliokufa shimoni viliwekwa kwake, naye ndiye aliyepaswa kuvipeleka kwa wenyewe pamoja na habari ya msiba. Mwanangwa alimtajia jina la kijana. Akajibu bila kupepesa.

"Huyo alifariki mvua za kwanza. Udongo ulimwangukia. Tulituma habari."

Mvua za kwanza. Wakati huo tulikuwa tunakaribia kuvuna tena. Yule mama hakupiga yowe. Aliuliza tu ni nani aliyetumwa. Mnyapara akasema mtu. Mtu gani? Akatazama pembeni. Mwanangwa akauliza kizibao kilitokaje stoo. Akasema stoo ilivunjwa. Na nani? Akanitazama mimi, akasema huenda ni hawa hawa watoto wa uji.

Mlango nyuma yake haukuwa na alama hata ya ukucha. Wote tuliuona. Mwanangwa aliutazama mlango, akamtazama mnyapara, wakaingia ndani wawili kuzungumza. Walipotoka, mwanangwa akatangaza kwamba ni makosa yametokea gulioni na kila mtu arudi kwake. Kamba nikafunguliwa na mama yangu. Huyo mwanangwa ndiye wa tatu.

Kama habari ingetumwa, yule mama angekwisha kumlilia mwanawe, na angekuja kudai nguo zake mchana kweupe. Mnyapara hakutuma kwa sababu mtu akishajulikana amekufa, nguo zake zina mwenyewe. Asiyejulikana amekufa, nguo zake huuzwa. Ni hivyo tu. Sikuhitaji madarasa mengi kulielewa.

Mwenzangu alizikwa na baba yake na wachimbaji wachache. Seremala alikwenda kila mahali kuuliza nani amemuua mwanawe, akajibiwa lile jibu letu la tangu zamani, kwamba aliyeuawa na mwano hana muuaji, kwa kuwa mwano ni wa wote. Akafunga misumeno yake, akarudi kusini. Sisi tulihama kabla ya mvua, maana neno nogi lilikuwa limetufuata hadi kisimani.

Sasa nina watoto waliooa. Navaa gauni moja, jipya, la dukani, na hata baridi ya Juni siongezi kitu juu. Mtu akinigusa karibu na kwapa, hata mjukuu, natetemeka mpaka nikae chini. Wanangu wanadhani ni homa. Mchuuzi alikwisha kufa, mwanangwa amekufa.

Mnyapara yu hai. Anakaa Kahama, upande wa Nyahanga, ana duka, na msibani hupewa kiti cha mbele. Nilimwendea. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba vizuri tu, akanitambua. Nilipomuuliza aliniambia mambo ya zamani, mama, tumwachie Mungu.

Nimekataa. Mungu hakushika ufunguo wa stoo. Ulikuwa kiunoni mwako wewe, mnyapara.

Nakuuliza hapa, ambapo wengine wanasoma. Ulisema ulimtuma mtu kwa yule mama. Mtaje mtu huyo. Na kama hukumtuma yeyote, sema hukumtuma, uliseme ukiwa umekaa kwenye kiti hicho cha mbele, wafiwa wakusikie. Halafu utuambie nguo za waliokufa uliuza za wangapi. Binti wa seremala hana muuaji, walisema. Mimi nasema anaye. Jibu.