Usimuulize Mama Yako

Karatasi ya sheria za darasa niliitia sahihi mimi mwenyewe, tena bila kuisoma. Binti yangu aliiweka juu ya cherehani, nami nilikuwa na pini mdomoni na nguo ya mteja magotini, gauni la harusi ambalo lilikuwa limenitoa jasho wiki nzima. Aliniambia nitie sahihi hapa, nikatia. Tangu aanze shule nilikuwa nimetia sahihi karatasi nyingi za namna hiyo: mtoto asichelewe, sare iwe safi, mzazi afike mkutanoni. Nilidhani ni zile zile.

Kumbe mwalimu wa historia na jiografia alikuwa mgeni. Kijana mwembamba, mwenye miwani, na somo lake aliliita masomo ya dunia. Sheria zake nazo zilikuwa za peke yake. Anayechelewa haadhibiwi, ila anasimama mlangoni mpaka wenzake wamkaribishe. Simu zote zinaingia kwenye katoni karibu na ubao. Hakuna kucheka Kifaransa cha mwenzako. Hakuna kusema "watu wanasema". Taja ni nani aliyesema na alijuaje. Hizo sikuwa na ugomvi nazo. Iliyonichoma ni ile ya uchunguzi wa kwanza. Kila mwanafunzi alitakiwa amtafute mtu mzima wa mtaa wake, amuulize jinsi watu walivyohama na kufika Lubumbashi, halafu aje asimulie mbele ya darasa. Ila mtu huyo asiwe mzazi wake.

Niliijua sheria hiyo jioni, binti yangu alipochukua kalamu na kuelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza.

"Ku ng'ambo, kwa ule mama. Naenda kumuuliza mambo ya masomo."

"Na mimi? Mi sina mambo ya kusema?"

"Mama, iko mu règlement. Monsieur anakatala tuulize bazazi betu. We mwenyewe ulitia signature."

"Juu ya nini anakatala?"

"Anasema mutoto akiuliza mama yake, mama anamupatia tu ile histoire yenye anapenda mutoto asikie."

Akavuka barabara. Nilibaki nimeshika mkasi, na roho iliniuma kama mtu aliyenyimwa kiti katika sherehe ya nyumbani kwake.

Lazima nieleze habari za huyo mama wa ng'ambo. Alikuwa mjane, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na hakuwahi kujaliwa mtoto. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na nyumba aliyokaa ilikuwa ile ile aliyoachiwa na wazazi wake. Kila Jumapili alikwenda misa ya kwanza akiwa amevaa kikwembe, ndicho kitenge, kilichopigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe. Hatukuwahi kugombana. Tulisalimiana, tuliazimana chumvi na makaa ya kuwashia moto, basi. Mimi si mtu wa kuingia ingia nyumba za wenzangu. Lakini kuanzia jioni ile sikumpenda hata kidogo.

Barza yangu, kile kibaraza cha mbele ya nyumba, inatazamana na barza yake, na cherehani yangu iko barzani. Kwa hiyo niliona yote. Niliona binti yangu akikaa kwenye kibao karibu na magoti yake, wakibambua karanga pamoja. Niliona akiandika, akiacha kuandika, akifungua mdomo kwa mshangao. Nyumbani kwetu mtoto huyo nikimwambia jambo anasema "mmh" huku anatazama simu. Kule alikuwa anainama mbele kama anayeogopa neno moja lisidondoke. Nilishona mshono mmoja mara mbili, nikaufumua, nikaushona tena umekwenda upande.

Na vicheko. Sijui walicheka nini. Nikasema moyoni, huyu mama miaka yote sijamsikia akicheka, leo amepata mtoto wa bure anacheka.

Alirudi wakati nimeshapika bukari, ugali wetu.

"Njoo ukule."

"Nilishakula kule. Kambo alipika lengalenga, aliweka karanga."

Kwetu Katanga kambo ni bibi, mzazi wa mzazi wako. Mama yangu mzazi alikufa binti yangu hajajifunza kutembea, na jina hilo lilikuwa limekaa bila mtu nyumbani mwetu. Sasa limempata mtu, ng'ambo ya barabara, bila mimi kuulizwa. Nilikula bukari peke yangu. Kesho yake nilipika lengalenga, mchicha wetu, nikatia karanga mpaka ikawa nzito kama uji. Binti yangu akala, akasema ni nzuri, halafu akavuka barabara.

Nilijipa moyo kwa hesabu yangu mwenyewe. Kama watoto wote wamekatazwa mama zao, basi na mimi lazima niwe mtu wa mtoto fulani. Mtaa wetu una wanafunzi wengine wa darasa lile. Nitakuja kuulizwa. Na mimi mambo ninayo! Babu yangu alichimba Kambove enzi ambazo king'ora cha mgodi ndicho kilichowaamsha watu wote mjini, mchimbaji na asiye mchimbaji. Nilianza kuyapanga kichwani huku nakanyaga cherehani, lipi litatangulia, lipi nitaliacha. Nilifuta kiti cha wageni. Nilinunua munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nikauweka mahali pa baridi, maana mtu hawezi kusimulia koo likiwa kavu.

Msichana mmoja wa darasa lile akaja kweli. Nilimwona anakata kona, nikavua kile kitambaa changu cha kazini, nikafunga kingine.

"Karibu, mutoto yangu, ikala. Uniulize tu."

Akanitazama. "Mama, nilikuya kutwala jupe yangu. Ulisema itakuwa tayari."

Nikampa sketi yake. Nikampa na munkoyo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaumimina. Alikunywa amesimama, akashukuru, akaenda zake kumalizia uchunguzi wake kwa fundi wa baiskeli. Fundi wa baiskeli! Mtu ambaye hata mwaka aliofika hapa haujui!

Jioni nilijaribu njia ya pembeni. Binti yangu alikuwa anakunja nguo, nikaanza kama mtu anayezungumza na ukuta: "Babu yangu huko Kambove, siku moja alitoka mgodini..."

"Mama, non!" Akaziba masikio kwa mikono miwili, nguo zikaanguka. "Utaniharibia! Nikichanganya ya kwako na ya kwake, Monsieur atajua."

Nilitoka nje nikakaa. Nilikuwa na hasira, tena ile hasira inayotaka kulia. Mtoto huyu nilimlea peke yangu. Baba yake aliniaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na kazi aliipata, pamoja na mke mwingine. Sikuwahi kumwambia binti yangu hivyo. Nilimwambia baba alisafiri, na alipokua akaacha kuuliza, nami nikashukuru. Lakini sasa alikuwa anauliza, kila siku, kwa sauti ya upole, kwa mtu mwingine.

Nikaenda shuleni. Nilivaa vizuri, kwa maana mtu akienda kugombana amevaa vibaya anashindwa kabla hajaanza. Nilimkuta yule kijana anafuta ubao, mikono yake myeupe kwa chaki.

"Monsieur, ni nani alikufundisha kwamba mama anadanganya mutoto wake?"

Akaweka kifutio chini, akanipa kiti. "Mama, sikuandika anadanganya. Niliandika asiulizwe."

"Si ni ile ile?"

"Hapana, mama. Muntu anaficha kintu juu ya mapendo. Jirani yeye hana sababu ya kuficha."

"Jirani hana sababu ya kuficha, lakini eko na sababu ya kuongeza!"

Alicheka, na mimi sikucheka. Nilimwambia abadilishe. Akasema kwa adabu yote kwamba sheria ni ya darasa zima, akiivunja kwa mama mmoja lazima aivunje kwa wote. Kisha akanialika nije siku ya kusimulia. Wazazi watakuja, na wale walioulizwa watakuja pia. Nikamwambia nitaona, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaamua.

Siku yenyewe nilifika mapema, na bado yule mama wa ng'ambo alikuwa amenitangulia. Binti yangu ndiye aliyemleta, akiwa amemshika mkono, na mimi nilikuja nyuma yao peke yangu na pochi yangu. Tukakalishwa benchi moja. Alinukia sabuni. Aliniambia, "Mama, habari ya asubuhi," nikamjibu nzuri kwa sauti isiyo na uzuri wowote.

Mwalimu aliruhusu Kiswahili kwa siku ile, ili wageni wote wasikie. Wakaanza. Mvulana mmoja alisimulia habari za mfanyabiashara anayekaa Kipushi na kuvuka kwenda Zambia na kurudi. Alipomaliza, mwalimu akamuuliza, "Chanzo chako kimeegemea wapi?" Mvulana akafikiri, akasema yule mfanyabiashara anawasifu mno Wazambia kwa sababu ndio wateja wake. Watu wakacheka, naye akapigiwa makofi. Nikaelewa kwamba kila mtoto atamalizia kwa swali hilo: mtu uliyemuuliza anavuta upande gani, na kwa nini.

Ikawa zamu ya binti yangu. Hakushika karatasi. Alisimulia kidogo juu ya reli na watu waliotoka kaskazini, halafu akaniangalia mimi.

"Nilimuuliza Kambo aniambie muntu mumoja mwenye aliona anafika mu avenue yetu, na macho yake," alisema. "Akaniambia ya mama yangu."

Alieleza jinsi mwanamke alivyotokea barabarani kutoka upande wa kituo cha mabasi, mtoto mgongoni na kichwa cha cherehani kichwani, amekifunga kwa shuka. Watu walimkimbilia wamtue mzigo, akakataa. Alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza chumba, na kila alipokataliwa alisema asante. Mvua ilikuwa inamnyeshea na yeye...

"Haikunyesha!" Nilikuwa nimeshasimama. "Ilikuwa jua! Nani alisema mvua?"

Darasa zima likageuka. Mwalimu akasema taratibu, "Mama, wasikilizaji banainuaka mukono." Nikainua mkono. Akaniruhusu, nikasema tena kwamba ilikuwa jua, tena jua kali, nikakaa. Uso ulikuwa unaniwaka. Niliona binti yangu anajizuia kucheka.

Akaendelea. Alisema mwanamke yule alipata chumba, akaweka cherehani barzani, na asubuhi iliyofuata alikuwa anashona na mtoto amelala kwenye beseni karibu na miguu yake. Alisema kwamba jioni mwanamke yule alikuwa anamwimbia mtoto, na pakiwa hakuna mtu barabarani alikuwa analia, kisha anajifuta na upande wa kikwembe na kuendelea kuimba pale pale alipoachia. Mimi miaka yote nilijua hakuna aliyeniona. Barza iko wazi, ndiyo, lakini mtu akilia anadhani giza ni ukuta.

Kumbe jioni zote zile za karanga mtoto alikuwa ananiuliza mimi. Alikuwa amekatazwa mdomo wangu, akanitafuta kwenye mdomo wa jirani. Nilifurahi, na wakati huo huo donge la wivu likapanda upya: habari zangu, machozi yangu, na ameyapata kwa mwingine, na mvua ya uongo juu.

Mwalimu akauliza swali lake. "Chanzo chako kimeegemea wapi?"

Binti yangu alisita. Alimtazama yule mama pembeni yangu, kama anayeomba ruhusa, na yule mama akatikisa kichwa kukubali.

"Chanzo changu iko na wivu na mama yangu," alisema. "Aliniambia yeye mwenyewe. Anasema tangu ile siku tulifika, kila asubuhi anafungua mulango, anatuona bawili, na anasikia wivu. Njo maana hakukuyaka kwetu. Aliniambia niiseme, juu règlement inasema tuseme kweli."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisema asante, na makofi yakaja yamechelewa kidogo. Binti yangu akaja kwenye benchi letu, akaketi katikati yetu, bega moja kwangu na bega moja kwa yule mama.

Yule mama alikuwa anaangalia mikono yake. "Nisamehe, mama," aliniambia, kwa sauti ya chini.

Nilimwambia hakuna neno. Nilimshika mkono, na ulikuwa wa baridi. Hapo ndipo ningemwambia kwamba na mimi pia nilimwonea wivu, kwamba nilikuwa nimefumua mishono kwa ajili yake na nimemwekea munkoyo mtu ambaye hakuja. Ningemwambia tuko sawa sawa. Lakini watu wote mle ndani walikuwa wamesikia kwamba mimi ndiye mwanamke wa kuonewa wivu, na kwa siku ile moja nilitaka ibaki hivyo.