Verlyn Achagua Uwanja wa Mahindini

Verlyn Haugen aliendesha lori la maziwa miaka arobaini katika kaunti yetu ya Iowa, na kila Jumamosi alicheza gofu. Septemba ile daktari alimwambia macho yake hayatafika Krismasi. Binti yake, Joleen, akachukua likizo ili ampeleke uwanja wowote autakao.

"Baba, twende ule mpya wenye mgahawa. Au ule wa mtoni, nyasi zake kama zulia."

"Nipeleke Hadley."

"Hadley? Mashimo tisa katikati ya mahindi! Hata mlango wa choo haufungiki."

"Basi nitaimba nikiwa ndani. Pale hakuna mti unaoziba mbingu, mama."

Wakaenda. Kwenye shimo la saba Verlyn alipiga mpira, asiuone ulikokwenda. Alikuwa bado ameinua uso alipomshika Joleen mkono ghafla. Juu ya mahindi walikuwa wakizunguka wari, wale ndege weupe wenye midomo mikubwa, mamia kwa mamia, wakielekea kusini. Walipogeuka pamoja walitoweka kabisa angani. Wakageuka tena, wakawaka wote kwa jua. Hakikusikika hata kishindo cha bawa. Wachezaji waliokuwa nyuma yao walisimama wakavua kofia, bila kuambiwa na mtu.

Verlyn alitazama mpaka wa mwisho akapotea, machozi yakimtiririka.

"Umewaona, baba?" Joleen alinong'ona.

"Wote, mwanangu. Nimewaona wote."

Mashimo mawili yaliyobaki hawakuyacheza. Walikaa nyasini mpaka jua likaanza kuwachoma shingo.