Waya wa Watoto

Utoto wake wote, mama yangu mdogo alilala katikati ya kitanda. Upande wa ukutani alilala mama yangu, ambaye hata wakati wa joto hujifunika mpaka kichwani. Upande wa nje alilala dada yao mkubwa, ambaye hata wakati wa baridi lazima atoe miguu nje. Blanketi lilikuwa moja. Lilivutwa huku na kule juu ya tumbo la mama mdogo mpaka babu alipogonga ukuta na kunguruma: “Nyamazeni! Chumba kimoja, baridi moja!”

Mama mdogo husema kazi yake ilianzia hapo, ingawa wakati huo hakujua kama kuna kazi ya namna hiyo.

Anapanga mitambo ya joto na ubaridi katika majengo ya biashara. Jengo analigawa katika kanda, na kila ukanda anaupa kidhibiti chake ukutani, kidude kidogo chenye kitufe cha kupandisha na cha kushusha. Hivyo anayekaa dirishani na jua usoni anaweza kupozwa bila kumgandisha mwenzake aliye upande wa kivuli. Juu ya dari kuna maboksi ya bati yenye vilango ndani, na kila boksi hufungua hewa ya moto au ya baridi kama kidude chake kilivyoamuru. Ni hayo tu, husema yeye, ila hayo tu yamemmalizia macho.

Kabla ya kuchora mstari wowote hulizunguka jengo na kuuliza watu. Wewe unakaa wapi mchana? Unavaa sweta? Nani hufungua dirisha, na nani hulifunga? Ndiyo maana kwenye michoro yake kanda hazikuwa na nambari. Ziliitwa Wahasibu, Bibi wa Mapokezi, Washonaji. Wahandisi wenzake walimcheka, na wakampa jina la Nyuzi, kwa kuwa popote aingiapo swali lake la kwanza ni “hapa nyuzi ngapi?” Yeye aliwajibu kwamba nambari haisikii baridi.

Alipoacha kazi ya kuajiriwa ili achore peke yake, jengo la kwanza alilopata lilikuwa la mzee mmoja mkaidi. Jengo la ghorofa nne, maduka chini, ofisi juu. Mzee hakupenda habari za kanda. “Jengo langu, swichi yangu,” alisema. “Nikisikia baridi, wote wanasikia baridi.” Mama mdogo alimkumbuka babu, akacheka, akakaa naye mpaka akamkubalisha. Lakini mzee alikubali shingo upande, na wenye majengo wengine waliokuwa wakifikiria kumpa mama mdogo kazi walisema ngoja kwanza tuone la mzee litakavyokuwa.

Basi, asubuhi moja ya msimu wa baridi, simu ililia tukiwa mezani.

“Nyuzi, watoto wako wanaganda.”

“Watoto gani, mzee?”

“Wale uliowachora! Ghorofa ya pili. Na mkaguzi wa shule za awali anakuja kabla ya mchana.”

Mama mdogo aliweka kikombe chini bila kukinywa. Ghorofa ya pili ilikuwa na wapangaji wawili waliopakana ukuta: chekechea ya watoto wa wafanyakazi, na kiwanda kidogo cha uchapaji. Chekechea ilifanya kazi kwa kibali cha muda. Kanuni ilisema chumba cha watoto kisishuke chini ya nyuzi ishirini.

Kwenye geti la jengo alimkuta fundi wake wa umeme ameketi juu ya begi la vifaa. Kila mtu humwita Koleo, na wamefanya kazi pamoja tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

“Nimefukuzwa, dada,” alisema Koleo. “Mzee anasema nyaya nimefunga kwa miguu.”

“Umefungaje?”

“Kama ulivyochora. Waya wa Watoto kwa watoto, waya wa Wachapaji kwa wachapaji. Kama nimekosea, niite mbuzi.”

“Usiende popote, mbuzi wangu,” akasema, akapanda ngazi mbili mbili.

Chekecheani watoto walikuwa wamevaa makoti na kofia. Mwalimu wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, alikuwa akiwarukisha kama vyura ili wapate moto. Mzee mwenye jengo alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Mama mdogo alitoa kipimajoto chake. Kumi na saba. Akatazama kidude ukutani: kimepandishwa mpaka mwisho. Akapanda kwenye kiti, akabandika kipande cha karatasi nyepesi ya shashi kwenye tundu la hewa darini, kama afanyavyo siku zote ili aione hewa kwa macho. Shashi ilipeperuka kwa nguvu. Akaweka mgongo wa mkono. Hewa ilikuwa ya baridi kama maji ya mtungi.

“Nimekipandisha tangu nilipofika,” mwalimu alisema. “Kila nikipandisha, baridi inazidi. Kidude chako kina kiburi, dada.”

“Sikiliza, Nyuzi,” mzee akasema polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. “Mkaguzi akikuta chumba hiki chini ya nyuzi ishirini, leo hii nang’oa vidude vyako vyote jengo zima. Naweka swichi moja ofisini kwangu. Na wenzangu wakiniuliza, nitawaambia ukweli.”

Mama mdogo alipiga hesabu kichwani. Ghorofa nyingine zilikuwa sawa. Alikwisha kuzipigia simu njiani. Mtambo wa moto ulifanya kazi, mtambo wa baridi pia. Alikitazama kipimajoto tena. Kumi na sita na nusu. Mtoto mmoja alianza kulia, na kilio cha baridi huambukiza kama miayo.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aliingia msimamizi wa uchapaji, ambaye vidole vyake vimempa jina la Wino. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

“Ni nani anatuchoma?” aliuliza. “Kule ni tanuri! Karatasi zinajikunja kama majani makavu, mashine zinagoma. Tumeshusha kidude mpaka mwisho wake, tunazidi kuiva tu!”

“Ninyi mnaungua, sisi tunaganda,” mwalimu alisema. “Hebu tugawane basi.”

Mama mdogo aligeuka kumtazama mwalimu, kisha Wino, kisha ukuta uliokuwa kati yao.

“Wote,” alisema, “mikono mifukoni. Asiguse mtu kidude.”

Alitoka, akaingia uchapaji, akabandika shashi nyingine kwenye tundu la darini juu ya mashine. Shashi iliruka, na hewa iliyoipeperusha ilimpiga usoni kama pumzi ya mbwa. Akaacha milango yote miwili wazi na kupaza sauti: “Mwalimu! Shusha kidude chako mpaka chini!”

“Nishushe? Watoto wanatetemeka!”

“Kidogo tu, shoga yangu, nakuomba!”

Kisha, huku uchapaji, shashi ilishuka. Ilining’inia wima, imekufa.

Mama mdogo alisimama pale, kichwa juu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

“Wino, chumba hiki ndicho mlichopangiwa tangu mwanzo?”

“Hapana. Sisi tulikuwa nyuma. Lakini lifti ya mizigo iko upande huu unaotazama barabara, karatasi zetu nzito. Mzee akatubadilisha na watoto.”

“Lini?”

“Kabla ya kuhamia. Vidude bado vilikuwa havijafungwa.”

Mzee alikuwa amewafuata mpaka mlangoni. “Ndiyo, nilibadilisha,” alisema. “Vyumba ni vyangu. Kwani wewe ulichora vyumba, au ulichora watu?”

Alilisema kwa dharau, bila kujua alichokisema. Lakini hapo hapo mama mdogo alielewa. Maboksi ya darini yalifungwa mapema, jengo likiwa bado tupu, na boksi la upande wa barabara likaandikwa Watoto. Vidude vilifungwa mwisho. Koleo alipofika alikuta watoto wako nyuma, na kwa kuwa mchoro ulisema waya wa Watoto ni wa watoto, aliuvuta mpaka walipo. Mtu mwingine angefuata nambari ya mlango. Koleo alifuata watu, kama alivyofundishwa. Sasa kidude cha watoto kilikuwa kinaamuru hewa ya wachapaji, na cha wachapaji kinaamuru hewa ya watoto. Mwalimu akisikia baridi, anawachoma wachapaji. Wachapaji wakiungua, wanawagandisha watoto. Na kila mmoja akizidi kujitetea, anazidi kumuumiza mwenzake na kujiumiza mwenyewe.

Kupanda darini kulitaka kuzima umeme wa ghorofa nzima na kuwatoa watoto nje. Muda huo haukuwapo. Dirishani, chini barabarani, mwanamke mwenye mkoba alikuwa akitazama juu, akilinganisha jengo na karatasi aliyoishika.

“Wino,” mama mdogo alisema, “pandisha kidude chako mpaka juu kabisa.”

“Mimi?” Wino alijifuta uso kwa kiwiko. “Dada, nimekukosea nini? Unataka kutukaanga na vitunguu?”

“Ukipandisha, moto utakwenda kwa watoto. Na mwalimu akiacha chake chini, baridi itakuja kwako.”

“Maneno hayo yako kwenye vitabu. Jasho hili liko mgongoni kwangu.”

“Najua. Ndiyo maana nakuomba.”

Wino alimtazama mzee. Mzee alitazama pembeni. Kutoka chumba cha pili mwalimu alipiga kelele: “Mimi nakirudisha juu! Mtoto akipata homa ya mapafu, mama yake hatamtafuta Nyuzi, atanitafuta mimi!”

“Mwalimu, usikiguse!” Mama mdogo alirudi mbio. Hakumshika mkono, alisimama tu mbele ya kidude, mgongo ukutani. “Nipe muda wa wimbo mmoja,” alisema. “Waimbishe wimbo. Ukiisha, na hewa haijabadilika, kipandishe, na mimi nitaondoka na vidude vyangu.”

Mwalimu alipiga makofi. “Haya, wanangu! Wimbo wa viungo vya mwili! Kwa nguvu!”

Watoto walianza na kichwa. Uchapaji hakuna aliyesema kitu, na mama mdogo hakujua kama Wino amepandisha au ameondoka zake. Walifika mabegani. Shashi ya darini bado ilipeperuka kwa ubaridi ule ule. Walifika tumboni. Ngazini vilisikika viatu, na sauti ya mzee, tamu kama asali ya kununua: “Karibu, mama, karibu sana.” Walifika magotini, na shashi ikaanguka. Mwalimu aliacha kuimba. Watoto waliendelea bila yeye. Vidoleni, shashi ilijitikisa, ikainuka upya. Mama mdogo alinyoosha mkono juu. Vuguvugu.

“Anza tena,” alinong’ona. “Anzia kichwani.”

Mkaguzi hakuwa mtu wa haraka. Alikagua vyoo, alihesabu viti, alivuta kila dirisha. Wakati huo joto lilipanda, na mama mdogo alijua kuwa halitajua kusimama. Dawa aliyoitoa ilikuwa ya kutuliza, si ya kuponya. Nyaya zilizopishana zingewapeleka wote mpaka upande wa pili, watoto watoke jasho na wachapaji watetemeke. Mkaguzi alipotoa kipimajoto chake, kilisoma ishirini na moja. Mwalimu alianza kuwavua watoto kofia.

“Chumba kizuri,” mkaguzi alisema. Kisha akasogelea ukuta. “Lakini mbona kidude hiki kimeshushwa mpaka chini, na chumba kina joto?”

Mzee aliwahi. “Ah, fundi tu, mama. Fundi wa umeme alikosea. Tumekwisha kumfukuza.”

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Koleo alikuwa getini, hasikii. Mama mdogo alisogea mbele ya mkaguzi.

“Fundi hakukosea,” alisema. “Alifunga kama nilivyochora. Mimi huchora watu, si vyumba, na watu walihama. Nyaya mbili zimepishana. Leo hii zitarudishwa.”

Mkaguzi aliwatazama wote wawili. “Walihamishwa na nani?”

Mzee alikohoa. Alitazama dari, akatazama viatu vyake vilivyong’arishwa. “Jengo ni langu,” alisema hatimaye, lakini safari hii ilisikika kama kukiri.

“Basi nitarudi wiki ijayo,” mkaguzi alisema, akifunga mkoba. “Nikikuta kidude kinasema kweli, nitasaini. Nisipokuta, hatutaimbiana nyimbo.”

Mkaguzi alipoondoka, mzee alisikiliza mpaka sauti ya viatu ikaisha ngazini. Mama mdogo alingoja neno la swichi moja. Lilikuwa mdomoni kwa mzee, lilionekana. Lakini Wino alikuwa amechungulia mlangoni, shati limeanza kukauka, amejikunyata kidogo.

“Mzee, kule kumepoa mpaka raha,” alisema. “Ila sasa kunaelekea kubaya. Nishushe au nipandishe?”

Mzee alimtazama, akamtazama Nyuzi, akasonya. “Mwiteni Koleo,” alisema, akashuka zake.

Watoto walipokwenda nyumbani mchana, umeme ulizimwa. Koleo alipanda darini akilalamika kwamba mbuzi hawapandi ngazi, akabadilisha ncha za nyaya. Mama mdogo alikaa sakafuni na mchoro magotini. Chini ya kila jina aliandika nambari ya mlango. Majina hakuyafuta. Mpaka leo michoro yake ina vyote viwili, na wanaomcheka huwaambia nambari haisikii baridi, lakini nayo haihami.

Umeme uliporudi, chumba cha watoto kilikuwa kimeanza kupoa. Mwalimu alikwenda mbele ya kidude. Kidole chake kilifika kwenye kitufe cha kupandisha, kikasita, kikaenda kwenye cha kushusha, kikasita tena.

“Kipi sasa?” aliuliza. “Cha kweli au cha kinyume?”

“Cha kweli,” mama mdogo alisema.

Mwalimu alipandisha. Yeye, mama mdogo na Koleo waliinua vichwa kutazama karatasi ya shashi darini, na hakuna aliyepumua mpaka ilipotikisika.